Spika Sita, Sauti Sita: Mwongozo Kamili wa Kufunga Deki ya Blu-ray na Homu Thieta

Ukiingia sebule nyingi zenye homu thieta utakuta spika sita zimepangwa, taa za bluu zinawaka na sabufa inatikisa kabati. Kaa sasa usikilize kwa makini. Mazungumzo yanatoka kwenye spika mbili za mbele, ya katikati inanong'ona tu, na zile za nyuma zinarudia kilekile kinachotoka mbele. Mwenye nyumba amelipia sauti sita, anasikia mbili. Mara nyingi vifaa ni vizima kabisa. Tatizo ni waya uliopitishwa njia isiyofaa, au setingi moja iliyogeuza kila kitu kuwa stereo kabla sauti haijafika kwenye spika.

Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo: sauti iliyomo kwenye diski ifike kwenye spika zote ikiwa kamili, na kila spika itoe kilicho chake. Nitatumia mpangilio wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, kwa kuwa ndio ulioenea majumbani. Mwenye 7.1 atafuata njia hiyohiyo na kuongeza spika mbili.

Kwa nini uhangaike na diski

Blu-ray iliingia sokoni mwaka 2006. Diski yake ya tabaka moja inabeba GB 25, ya tabaka mbili GB 50, wakati DVD ya tabaka moja inaishia GB 4.7. Watu husifia picha, lakini mimi naona nafasi hiyo iliinufaisha sauti zaidi. Kwenye DVD, Dolby Digital hubanwa hadi kilobiti 448 kwa sekunde, na hizo zinagawanywa kwa spika zote sita. Blu-ray inaweza kubeba Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, ambazo zikifumbuliwa hurudisha sauti ileile iliyotoka studio bila kupungua chochote. DTS-HD Master Audio inaweza kufika megabiti 24.5 kwa sekunde. Filamu unazotazama mtandaoni kwa kawaida hazina sauti ya kiwango hicho, hata intaneti yako iwe na kasi kiasi gani.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho kabla ya kununua chochote

Unaweza kuwa na deki ya Blu-ray ndani bila kujua. PS3, PS4 na PS5 yenye sehemu ya diski zote zinacheza Blu-ray, na Xbox One na Series X pia. Xbox 360 haichezi. Diski za 4K zilizoanza mwaka 2016 zina masharti yake: zinataka deki iliyoandikwa Ultra HD, au PS5, au Xbox One S na zilizokuja baada yake, mradi ziwe na sehemu ya diski. PS4 Pro inatoa michezo ya 4K lakini diski za 4K haizisomi, na watu wengi wamenunua diski hizo wakitegemea itazisoma.

Upande wa sauti, geuza kifaa chako uangalie nyuma. Kuna aina nne utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni risiva ya sauti, yaani amplifaya kubwa yenye matundu kadhaa ya HDMI na sehemu za kufungia nyaya za spika. Hii ndiyo inayofaa kuliko zote. Ya pili ni homu thieta ya boksi moja, ambayo deki ya Blu-ray imo ndani yake na spika zake zina plagi za rangi. Ya tatu ni saundiba, ikiwa na sabufa na pengine spika mbili ndogo za nyuma. Ya nne ndiyo iliyojaa mitaani kwetu: sabufa ya 2.1 au 3.1 yenye redio, bluetooth na sehemu ya flashi, inayopokea sauti kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeupe. Hiyo inapokea sauti ya kushoto na ya kulia tu. Hata ukiongeza spika ngapi, haitakupa sauti ya kuzunguka. Kama ndiyo uliyonayo, itumie kwa muziki na uanze kuweka akiba ya risiva.

Deki mpya zinazidi kuadimika. Oppo waliacha kutengeneza mwaka 2018, Samsung mwaka 2019 walitangaza kutotoa tena modeli mpya kwa soko la Marekani, na LG nao wakafuata baadaye. Sony na Panasonic bado wapo. Kwa hiyo wengi wetu tutanunua iliyotumika, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue kule Nairobi, au kupitia ndugu aliyeko Dubai au Uingereza. Ukifika dukani, usiridhike na picha inayocheza kwenye TV ya muuzaji. Kagua haya.

Angalia kibandiko cha umeme nyuma ya kifaa. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Kifaa kilichotengenezewa soko la Japani kimeandikwa volti 100, cha Marekani 120. Deki ndogo nyingi zinakubali kuanzia 100 hadi 240, lakini risiva kubwa huwa na transfoma ya volti za aina moja tu. Ukiichomeka ya volti 100 ukutani moja kwa moja, ukibahatika utaunguza fyuzi, na usipobahatika utaunguza transfoma yenyewe. Ukiipenda sana, nunua na kipunguza umeme chenye wati zinazozidi zile zilizoandikwa nyuma ya risiva, na uhesabu gharama hiyo kwenye bei kabla hujalipa.

Angalia kanda. Deki na diski za Blu-ray zimegawanywa kwa herufi A, B na C. Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati ni B, kwa hiyo diski za London au Dubai zinakubali kwenye deki ya huku. Marekani na Japani ni A. India, China na Urusi ni C. Diski nyingine hazifungwi kwa kanda, na za 4K hazina kanda kabisa, lakini usinunue deki ya kanda A ukitegemea bahati.

Mwisho, mwambie muuzaji aweke diski ya Blu-ray yenyewe. DVD isikudanganye. Blu-ray inasomwa na miale ya bluu, DVD inasomwa na miale myekundu, na deki yenye lenzi iliyochoka inaweza kucheza DVD vizuri kabisa huku Blu-ray ikiigomea.

Hatua ya 2: Umeme

Umeme ukikatika halafu ukarudi, ile dakika ya kwanza ndiyo hatari. Funga TV gadi ambayo hukata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuuachia tena. Chomeka deki, risiva na TV kwenye soketi moja au ekstensheni moja nzuri. Vifaa vikichukua umeme sehemu tofauti, mara nyingine spika hutoa mvumo wa chini usiokoma, na watu huhangaika kubadili spika bure.

Risiva inatoa joto jingi. Iachie nafasi ya angalau sentimita 10 juu yake na isifunikwe na kitambaa cha kufuma. Usiiweke deki juu ya risiva.

Hatua ya 3: Waya wa HDMI upite wapi

Watu wengi huchomeka deki kwenye TV, kisha wakatafuta waya wa kutoa sauti kwenye TV kwenda kwenye risiva. Picha inatoka, sauti inatoka, wanaridhika. Lakini TV ndiyo kizuizi kikubwa kuliko vyote katika njia hiyo. Ikitoa sauti kwa waya wa mwanga, yaani tundu lililoandikwa "OPTICAL", njia hiyo hubeba stereo au sauti ya 5.1 iliyobanwa, haiwezi kubeba TrueHD wala DTS-HD Master Audio. Tundu la ARC la kawaida, yaani tundu la HDMI la TV linalorudisha sauti kwenye risiva, nalo linaishia hapohapo. Kuna na TV zinazokataa kabisa baadhi ya aina za sauti: Samsung waliondoa DTS kwenye TV zao kuanzia mwaka 2018, kwa hiyo diski ya DTS ikipitia humo unaweza kubaki na ukimya au stereo.

Njia iliyonyooka ni hii. Toa waya wa HDMI kwenye deki, kwenye tundu la "HDMI OUT", uingize kwenye risiva kwenye tundu lolote la "HDMI IN", hasa lililoandikwa "BD" au "BD/DVD". Kisha toa waya wa pili kwenye "HDMI OUT" ya risiva uingize kwenye TV, kwenye tundu lililoandikwa "ARC" kama lipo. Risiva itachukua sauti na kuipitisha picha mpaka kwenye TV. Sasa TV haina tena kazi ya kubeba sauti ya diski. ARC itabaki kwa ajili ya kurudisha sauti ya king'amuzi au YouTube ya kwenye TV.

Usilipie waya wa bei ya kutisha. HDMI hupeleka namba: zinafika au hazifiki, na waya wa bei kubwa hauongezi besi. Kwa Blu-ray ya kawaida, waya wowote mzima wa mita mbili unatosha. Kwa 4K, tafuta ulioandikwa "Premium High Speed", na risiva yako nayo iwe inakubali HDCP 2.2, yaani ulinzi wa kuzuia kunakili picha za 4K. Kama ni ya zamani na haikubali, angalia nyuma ya deki ya 4K: nyingi zina matundu mawili ya HDMI. Moja peleka kwenye TV kwa picha, la pili peleka kwenye risiva kwa sauti.

Risiva yako haina HDMI kabisa? Bado kuna njia mbili. Deki chache, hasa za kiwango cha juu, zina matundu sita ya sauti nyuma, na baadhi ya risiva za zamani zina matundu sita ya kupokelea yaliyoandikwa "MULTI CH IN" au "EXT. IN". Unganisha moja kwa moja, deki ifumbue sauti yenyewe, na utapata ubora wote wa diski. Kama matundu hayo hayapo, tumia waya wa mwanga kutoka kwenye deki kwenda kwenye risiva. Utapata 5.1 iliyobanwa, na nakuhakikishia bado ni bora mara nyingi kuliko stereo.

Mwenye saundiba aangalie kama ina "HDMI IN". Ikiwa nayo, deki iingie humo. Ikiwa haina, deki iingie kwenye TV na sauti irudi kwa ARC. Kama TV na saundiba zote zina eARC, yaani ARC mpya yenye nafasi kubwa zaidi, hapo hupotezi kitu, maana eARC inaweza kubeba hata TrueHD na DTS-HD, mradi TV inaruhusu aina hiyo ya sauti kupita.

Hatua ya 4: Kupanga spika

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Spika za bei ya kawaida zilizopangwa vizuri zinazishinda za bei kubwa zilizopangwa kwa kufuata samani.

Anza na kiti. Chagua sehemu ya kochi unayokaa zaidi kisha uchukue kamba. Shika mwanzo wa kamba usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, mtu mwingine aivute mpaka spika ya mbele kushoto, aweke fundo. Kamba hiyohiyo ihamie kulia: fundo lifike kwenye spika ya kulia. Kisha pima kati ya spika na spika. Umbali wa kati yao ukikaribia urefu wa kamba ileile, spika zako ziko nyuzi 30 kila upande wa kiti, na hapo ndipo zinapotakiwa. Kama kutoka kwenye kiti ni mita 3, kati ya spika na spika iwe kama mita 3, au ipungue kidogo chumba kisiporuhusu. Zielekeze kwenye kiti, twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ikiwa usawa wa masikio.

Spika ya katikati inabeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu. Watu huitupa ndani ya kabati la TV nyuma ya maua, halafu wanalalamika kwamba filamu za siku hizi hazisikiki maneno. Itoe mpaka ukingoni mwa meza, pasiwe na kitu mbele yake. Ikiwa chini ya TV, inyanyue kwa mbele kwa kipande cha mpira au ubao ili iangalie uso wako badala ya magoti.

Spika za kuzunguka zinakaa ubavuni na nyuma kidogo ya kiti, kati ya nyuzi 90 na 110 ukihesabu kutoka katikati ya TV. Zipande juu ya masikio kidogo, kama sentimita 30 hadi 60. Sebule nyingi za kwetu kochi limeegemea ukuta wa nyuma, na hapo hakuna nafasi ya kuweka kitu nyuma yako. Usizitundike juu ya kichwa zikiwa zimekaribiana. Zipeleke kwenye kuta za pembeni, moja kushoto moja kulia, ziangaliane juu ya kochi. Ukiweza kulisogeza kochi mbele hata nusu mita, sogeza. Utaisikia tofauti siku hiyohiyo. Upande mmoja ukiwa na mlango, tumia stendi au kishikio cha ukutani kando ya fremu, lakini usihamishie spika zote mbili upande mmoja.

Kwa 7.1, zile mbili za ziada zinakaa nyuma, kati ya nyuzi 135 na 150.

Sabufa haina mwelekeo mkali, ila ina tabia ya kubadilika kufuatana na chumba. Nyumba zetu za tofali za saruji zinazuia besi isitoke, inabaki ndani ikigonga kuta na kurudi. Kona huongeza besi na pia huifanya ivume. Njia ya uhakika ni kuiweka sabufa yenyewe kwenye kiti chako, ukapiga muziki wenye besi inayopanda na kushuka, halafu ukatambaa kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo besi inasikika kavu, kila noti ikijitenga na mwenzake, ndipo pa kuiweka sabufa. Ukisikia dari ya jipsam au bati linaitikia, jaribu sehemu nyingine kabla ya kupunguza sauti.

Chumba chenyewe pia ni sehemu ya vifaa. Vigae sakafuni, kuta tupu na madirisha ya kioo hurudisha sauti na kuvuruga maneno. Zulia kati ya kiti na spika za mbele, pamoja na pazia zito, vitakusaidia kuliko risiva mpya.

Hatua ya 5: Nyaya za spika

Nunua waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, wa milimita 1.5 za mraba, unatosha mpaka kama mita 10 kwa spika za ohmu 8. Zaidi ya hapo, au ukiwa na spika za ohmu 4, tumia 2.5. Ule mwembamba kama uzi unaokuja bure una upinzani mkubwa na unakula nguvu. Chunga pia waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, umejaa sokoni: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, urudishe.

Zima risiva na uchomoe umeme. Menya sentimita moja tu ya ncha, zisokote nyuzi ziwe kitu kimoja, ingiza, kaza. Pitisha kidole kuhakikisha hakuna uzi uliochomoza ukagusa tundu la jirani. Uzi mmoja mwembamba kiasi hicho unatosha kuifanya risiva ijizime na kuandika "PROTECT" kila ukiiwasha.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwenye spika zote. Spika moja ikigeuzwa, wufa yake (ile koni kubwa ya besi) inavuta hewa wakati mwenzake inasukuma, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu upande wake, na besi inapotea. Kama nyaya zako hazina alama, zichomoe kwenye risiva na ugusishe ncha hizo sekunde moja kwenye betri ya rimoti ya volti 1.5. Wufa ikiruka kuja mbele, ncha iliyogusa chanya ndiyo nyekundu.

Walioko pwani wajue kuwa hewa ya chumvi huigeuza shaba kuwa kijani. Kila baada ya muda kata ncha, menya upya, kaza. Na kama nyumba ina panya, pitisha nyaya kwenye trankini za plastiki.

Wenye homu thieta ya boksi moja wafuate rangi za plagi, na wasibadilishe spika kiholela. Nyingi za mifumo hiyo zina spika za ohmu 3, na boksi limepimwa kwa ajili yake.

Hatua ya 6: Setingi za deki

Hapa ndipo sauti nyingi hupotelea. Washa deki, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya sauti.

Pa kwanza ni sauti ya kidijitali inayotoka. Panasonic wanaiita "Digital Audio Output", chagua "Bitstream". Samsung wana "Digital Output", chagua "Bitstream (Unprocessed)" na uachane na zile zilizoandikwa "Re-encoded". LG chagua "Primary Pass-Thru". Sony iache kwenye "Auto". Maana ya yote ni moja: deki isiguse sauti, iipeleke ilivyo ili risiva ifumbue. PS4 ina hiyo setingi ndani ya filamu yenyewe: diski ikiwa inacheza, bonyeza OPTIONS, tafuta "Audio Format", weka "Bitstream".

Pa pili pamefichika zaidi. Tafuta "BD-Video Secondary Audio", ambayo Sony huiita "BD Audio MIX Setting", na uizime. Ikiwa imewashwa, deki huchanganya sauti za menyu na maelezo ya ziada na sauti ya filamu, na ili iweze kufanya hivyo inaishusha kwanza TrueHD au DTS-HD iwe sauti ya kawaida iliyobanwa. Deki nyingi zinatoka kiwandani ikiwa imewashwa.

Kuna wakati "PCM", yaani sauti iliyokwisha kufumbuliwa na deki, ni sahihi. PS3 za mwanzo, zile nene, haziwezi kutuma TrueHD ikiwa imefungwa, lakini zinaweza kuifumbua zenyewe na kuituma kama PCM ya spika zote, na ubora ni uleule. Ila ukiona "PCM Stereo" au "PCM 2ch", toka hapo haraka, hiyo ndiyo inayokuachia spika mbili.

Kwa waliotumia waya wa mwanga, chagua "Bitstream" pia. Ukiacha PCM kwenye waya huo utapata stereo tu.

Kibanio cha sauti, "DRC" au "Dynamic Range", kizime mchana na ukiwashe usiku watoto wakilala. Picha iwe "Auto", na "24p" (picha 24 kwa sekunde kama za sinema) iwashwe. BD-Live, inayoleta nyongeza za diski kupitia intaneti, izime, maana inakula bando na kuchelewesha diski kuanza.

Halafu usisahau menyu ya diski yenyewe. Diski huwa na sauti kadhaa, na ile nzuri mara nyingi ni ya lugha ya asili ya filamu. Bonyeza "AUDIO" kwenye rimoti uone umechagua ipi.

Hatua ya 7: Setingi za risiva

Chagua ingizo ulilochomeka deki, cheza filamu, na usome kioo cha risiva. Kikiandika "DTS-HD MSTR" au "Dolby TrueHD", kazi ya kuunganisha imekamilika. Kikiandika "PCM" peke yake huku spika mbili tu zikiwaka kwenye mchoro, rudi hatua ya 6.

Kama kioo kiko sawa lakini spika za nyuma zinarudia za mbele, kuna mtu amebonyeza "All Channel Stereo" au "Multi Ch Stereo". Inapendeza kwenye sherehe, kwenye filamu inaharibu kila kitu. Rudisha kwenye "Straight", "Direct" au aina ya sauti ya diski.

Sasa pima chumba. Risiva nyingi zina maikrofoni yake: Denon na Marantz wanatumia Audyssey, Yamaha YPAO, Pioneer MCACC. Iweke usawa wa masikio kwenye kiti, juu ya stendi ya kamera, usiishike mkononi. Zima pangaboi na friji kama iko karibu, funga madirisha, subiri mtaa utulie. Ikimaliza, kagua majibu. Mara nyingi huzipa spika za mbele ukubwa wa "Large" zisizostahili. Ziweke zote "Small" na krosova (mpaka ambao chini yake besi huhamia kwenye sabufa) hezi 80, ili besi nzito ibebwe na sabufa. Kama spika zako ni ndogo kama ngumi, panda mpaka 120 au zaidi. Umbali wa sabufa ukizidi ule wa futi ya kupimia, uache ulivyo: risiva inahesabu na ucheleweshaji wa ndani ya sabufa.

Bila maikrofoni, pima kwa futi na uandike mwenyewe. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, na risiva hutumia namba hizo kuzifikisha zote kwa pamoja. Kisha washa "Test Tone" na usawazishe kwa programu ya kupima sauti kwenye simu. Simu haiko sahihi sana kwa desibeli halisi, lakini kulinganisha spika na spika inatosha. Lenga kila moja ifike karibu desibeli 75 pale kwenye kiti.

Ikigoma

Kioo cha TV ni cheusi lakini sauti ipo: zima vyote, washa TV kwanza, kisha risiva, kisha deki. Ikiendelea, badili waya wa HDMI, mmoja baada ya mwingine.

Midomo inatangulia sauti au inachelewa: tafuta "Lip Sync" au "Audio Delay" kwenye risiva, na uongeze milisekunde 20 kwa 20 midomo ikichelewa, au upunguze ikitangulia. Kabla ya hapo weka TV kwenye "Game" au "Cinema", kwani usindikaji wa picha ndio huchelewesha mara nyingi.

ARC haitoi sauti: washa HDMI-CEC, inayowezesha vifaa kuwasiliana kupitia waya wa HDMI, kwenye TV na kwenye risiva. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync.

Diski inakwama: ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, bila kuzungusha. Zikikwama diski nyingi tofauti, lenzi ina vumbi au imechoka, mpelekee fundi.

Na kama diski mpya pekee ndizo zinazogoma, deki inahitaji programu mpya, kwa kuwa funguo za ulinzi wa diski hubadilishwa mara kwa mara. Pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa simu au kompyuta, ukihakikisha namba ya modeli ni ileile iliyo nyuma ya deki, nakili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, chomeka na ukubali. Umeme usikatike katikati ya kazi hiyo, maana deki inaweza isiwake tena. Mtaani kwenu kama umeme hautabiriki, azima UPS kwa nusu saa.